Ukuta wa Mabeseni Yaliyoshonwa

Mjukuu wangu ni mchongaji, ila hana patasi wala randa, na tangu aanze kazi hiyo sijamwona akichonga hata kijiti cha kuchokolea meno. Watu wakiniuliza anafanya kazi gani nasema mchongaji, kwa sababu ndivyo cheti chake kinavyosema. Wakiniuliza anachonga nini, hapo nawamiminia chai tuzungumze mengine.

Kazi yake ni kuokota. Vifuniko vya chupa, ndala zilizokatika mikanda, fagio zilizoisha zikabaki mpini, vipande vya sabuni vilivyokonda kama ukucha. Huvipanga, huvifunga, huvining'iniza, mpaka ukivitazama unajiuliza ulikuwa wapi siku zote usivione. Mwaka juzi alitengeneza pazia zima la vipande vya sabuni za kufulia. Mtu wa redio akamuuliza lina maana gani. Akasema, "Kila kipande ni mikono iliyochoka kufua." Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikaitazama mikono yangu, nikaificha ndani ya mtandio.

Mtaani wanamwita Makopo, na jina hilo kalipenda kweli; ukimwita la kwenye cheti hageuki. Mimi namwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake, tangu mtoto anatambaa, alikuwa akisema huyu ndiye atakayemwoa na mimi nitafungashiwa virago. Tunakaa wawili kwenye vyumba viwili na ua wa saruji. Chumba kimoja changu. Cha pili ni cha maboksi yake, naye hulala katikati yake kama mlinzi wa ghala.

Alhamisi moja nilikuwa uani nachambua mchele, akaingia mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mke mkubwa! Nimepewa ukuta!"

"Ukuta wa nini? Unajenga?"

"Ukuta wa jumba la maonyesho! Ule mrefu wa mlangoni, kila anayeingia lazima auone!"

Nikaweka ungo chini. Miaka sita alikuwa anaomba nafasi kwenye jumba hilo. Walikuwa wakimpa kipembe, mara chini ya ngazi, mara kwenye njia ya kwenda chooni, ambako watu walipita mbio bila kutazama kitu. Sasa kapewa mlango wenyewe, na ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ya pili. Siku tisa tu.

"Unataka nini, nikusaidie?"

"Mabeseni themanini ya plastiki. Yaliyopasuka yakashonwa."

"Nenda jalalani, yamejaa."

"Nimeshaenda, Bibi. Ya jalalani yamepasuka tu. Yaliyoshonwa hayafiki jalalani. Yako majumbani mwa watu."

Alikuwa anasema kweli tupu. Beseni likipasuka huku kwetu halitupwi siku hiyo. Unalikausha kwanza. Unawasha mkaa, unaweka msumari mpaka uwe mwekundu, halafu unatoboa tundu moja dogo pale ufa unapoishia, kwa sababu ufa usipowekewa kituo unaendelea na safari yake. Kisha unatoboa kila upande wa ufa, tundu moja baada ya jingine, ukiachia upana wa kidole. Unachukua shazia, ile sindano nene ya magunia, unapitisha uzi wa nailoni au waya, unakaza. Mwisho unayeyusha kipande cha plastiki juu ya mshono kwa kisu cha moto ili maji yasivuje. Moshi wake unanuka vibaya na unatoa machozi. Ukimaliza, unaliegemeza beseni ukutani, mshono ukiwa upande wa ukuta. Hilo la mwisho hakuna anayefundishwa, lakini ingia ua wowote utalikuta limegeuzwa hivyo hivyo.

"Niachie mimi," nikamwambia. "Nimekaa mtaa huu miaka arobaini na mmoja. Wewe katafute kamba zako."

"Na wewe huna lako?"

"Langu lilishakufa."

Lilikuwa chini ya kitanda changu, nyuma ya sanduku, limefunikwa gazeti.

Nikajifunga mtandio wangu mzuri nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila mlango nilieleza taratibu, bila haraka: mjukuu wangu kapewa ukuta wa jumba kubwa, watakuja wakubwa wenye tai na watu wa redio, anaomba beseni moja kila nyumba, atalirudisha. Nilipofika mahali pa kusema "lililoshonwa," ulimi ulikuwa mzito. Utamwambiaje mwenzako, jirani wa miaka yote hiyo, nipe lile beseni lako lenye mshono? Ni kama kumwambia nimekuchungulia dirishani. Basi nikawa nasema, "Hata la zamani, si neno," nikidhani mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa.

Walielewa. Walielewa kwamba mjukuu wa jirani yao asiaibike mbele ya wakubwa. Kuanzia Jumamosi asubuhi mabeseni yakaanza kuingia uani kwangu, na kila lililoingia lilikuwa jipya linang'aa, kibandiko cha duka kiko pale pale. Moja lilikuja bado limo ndani ya mfuko wake. Mama Cherehani, fundi nguo wa nyumba ya tatu, mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, alileta la kijani kubwa akaliweka katikati ya ua. "Wakiuliza la nani, waambie la kwangu," akasema. Mzee wa Saa, anayetengeneza saa kibandani pale kona, alileta jeupe lenye maua.

"Limefanana na ndevu zangu," akaniambia. "Ukilitazama unikumbuke."

"Nikilitazama nitakumbuka kufua."

Mpaka jioni yalikuwa arobaini na sita. Nikayapanga kwa rangi, mekundu upande huu, ya bluu upande ule, na nikajipongeza kwa kazi safi.

Makopo alikuwa kwa mchomeleaji siku mbili hizo, anatengenezewa vyuma vya kutundikia. Aliporudi Jumapili alisimama mlangoni.

"Bibi, umefungua duka?"

"Arobaini na sita. Na wengine wamesema wataleta kesho."

Akashika moja, akaligeuza. Akashika jingine. "Mbona yote mapya?"

"Ulitaka watu waumbuke?"

"Uliwaambia yaliyoshonwa?"

"Niliwaambia ya zamani."

"Uliwaambia yaliyoshonwa, Bibi?"

Nikajifanya natafuta mwiko. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa ndani ya lile beseni la kijani, miguu ikaning'inia nje kama mtoto anayeogeshwa, akaangalia ukuta wa ua. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni.

Jumatatu na Jumanne alipita mwenyewe, na yeye aliuliza waziwazi. Jibu lilikuwa moja: "La kushonwa? Sisi? Hatuna, mwanangu." Walimjibu hivyo huku wamesimama mbele ya mlango ili asione ndani. Mama Cherehani ndiye aliyekasirika kabisa. "Kwani tumekuwa maskini wa kutundikwa ukutani watu watutazame?" Makopo alirudi na manne, matatu ya fundi baiskeli, ambaye haoni aibu ya kitu chochote duniani.

Jumatano akaja msimamizi wa jumba, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni. Nilimpa kiti na chai. Aliyatazama yale manne kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mishono, nikaona ameyapenda. Lakini akasema, "Manne hayajazi mlango, mwanangu. Ijumaa saa sita mchana nitapita na mafundi wangu. Ukuta ukiwa haujajaa nitatundika picha za maua za yule mchoraji mwingine. Si kwamba sikutaki. Mlango hauwezi kukaa mtupu."

"Nimeelewa, mama," Makopo akasema.

Msimamizi alipoondoka, mjukuu wangu alianza kukunja kamba zake, moja moja, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za msiba. Miaka sita ya kusubiri, na mimi ndiye niliyemharibia, kwa heshima zangu. Chai yangu ilipoa sikuinywa.

Alhamisi asubuhi alitoka kwenda kujaribu mitaa ya mbali. Nilibaki peke yangu na mabeseni mapya. Nikafikiri: kama yaliyoshonwa hayapatikani, si nitayapasua haya niyashone mwenyewe? Mikono ipo, msumari upo, mkaa upo. Nikachukua mchi wa kinu, nikavuta lile la kijani la Mama Cherehani, kwanza kwa sababu lilikuwa karibu, pili kwa sababu ya yale maneno yake. Nikalipindua, nikainua mchi, nikapiga.

Mchi ulidunda ukanikosa paji la uso kidogo tu. Nikapiga tena. Beseni likaruka, likabingirika mpaka langoni, likasimama kwa ukingo kana kwamba linanisubiri. Nikalifuata. Plastiki mpya, ndugu msomaji, haipasuki kwa sababu umeitaka ipasuke. Inangoja jua na miaka na siku ambayo huna jingine. Nikalikalia ili lisikimbie, nikawa nalipiga ubavuni huku nimelipanda kama punda, na hapo ndipo kivuli kikaniangukia.

"Bibi! Beseni langu limekukosea nini?"

Mama Cherehani, tepu shingoni, pini mdomoni.

"Halijanikosea. Nalipima."

"Unalipima kwa mchi?"

"Nataka lipasuke nilishone."

Akatoa pini mdomoni. "Ulipasue ulishone. Bibi, dawa yako ya presha umekunywa leo?"

"Nimekunywa! Wewe ndiye uliyetufikisha hapa! Mtoto amekuomba la kushonwa ukasema huna. Na mimi nalijua lako, jekundu, liko nyuma ya pipa la maji, nimekuwa nikiliona miaka yote."

"Na lako?" Akaweka mikono kiunoni. "Mbona lako hukumpa? Au la bibi haliguswi?"

Nikainuka pale juu ya beseni, magoti yakalia, nikaingia ndani, nikapiga magoti, nikavuta sanduku, nikavuta gazeti. Nilitoka nalo uani limejaa vumbi, nikalipangusa kwa mtandio. La bluu, limepauka likawa kama anga la asubuhi. Mishono kumi na tisa kuanzia ukingoni hadi tumboni.

Mama Cherehani alisahau ugomvi. Fundi ni fundi. Alilichukua, akalielekeza kwenye mwanga, akahesabu mishono kwa ncha ya kidole.

"Nani alishona?"

"Mimi."

"Imepinda."

"Nilikuwa nalia."

"Nini kilikuliza?"

Basi nikamwambia, jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata marehemu mume wangu. Mwaka ule tulikuwa na beseni moja tu. Ndilo la kuogeshea watoto, ndilo la kukandia unga, ndilo la kufulia. Nililisugua kati ya kazi na kazi mpaka vidole vikachubuka, na majirani nikawaambia mengine yako ndani. Siku moja binti yangu, mama yake Makopo, ana miaka minne, alilipindua akapanda juu yake afikie kopo la sukari. Nikasikia kishindo. Nikaingia mbio. Mtoto yuko chini chali, beseni limepasuka ubavuni.

"Na nilikimbilia beseni," nikasema. "Nililiinua, nikalitazama kwenye mwanga, nikalia. Nimeshalia, ndipo nikakumbuka kuna mtoto sakafuni."

Mama Cherehani alinitazama. Midomo ikamtetemeka. Nikadhani atalia na yeye. Kumbe alikuwa anashikilia kicheko, na kilipomshinda alikaa chini kwenye saruji, akapiga mapaja, mpaka tepu ikamdondoka.

"Mtoto chali anatazama dari, mama anapima ufa!"

"Unacheka?"

"Bibi, nisamehe. Mimi la kwangu lilipasuka siku ya harusi ya dada yangu. Nilikosa harusi nzima! Niliwaambia naumwa tumbo. Nilikuwa nyuma ya nyumba nashona." Akainuka. "Ningoje hapa."

Alirudi na lile jekundu. Kwanza alilifunika kwa kitambaa, halafu akakitoa kitambaa kama anayeonyesha gauni la bibi harusi. Na kwa kweli lilistahili: safu mbili za mishono, imelala sawasawa, umbali ule ule, mwisho kaifunga kwa fundo dogo usiloliona.

"Hivi ndivyo anavyoshona mtu aliyesomea," akasema.

"Safu mbili za nini? Uoga tu. Langu la safu moja limeshika maji miaka thelathini."

"Linashika maji au linayaomba?"

Sauti zetu zilipanda juu ya ukuta. Jirani wa upande wa pili, mama wa mapacha, akachungulia kujua nani anagombana. Akasikia ni mabeseni. Akasema, "Ninyi wote mnacheza. Langu limepasuka mara tatu na mapacha wangu wote wawili wameogea humo mpaka wakaanza shule." Akaenda akalileta, lina mishono mitatu kama nyota. Huyo akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita wifi yake. Kabla mchana haujafika nusu, wanawake walikuwa wanaingia uani kwangu wakitambiana: la nani lina mishono mingi, la nani lilishonwa kwa waya wa umeme, la nani lilishonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, nani aliziba kwa kipande cha dumu la mafuta na rangi ikafanana. Mmoja alikuwa ametumia waya wa mwavuli. Mwingine alikuwa na karai la bati lenye kiraka, tukamwambia bati halimo, akasema basi yeye atasimama pale mpaka liwemo.

Mzee wa Saa alikuja mwisho, anatembea kama anakwenda kuposa. Beseni lake dogo la kunawia uso, la kijivu. Ufa wake haukuwa umeshonwa kwa uzi. Alikuwa ameuunga kwa vibati vidogo na skrubu za saa, ndogo kama mbegu za ufuta, hamsini na mbili.

"Tangu mke wangu atangulie," akasema, "sikuwa na wa kunishonea. Nikatumia nilichokuwa nacho."

Mama wa mapacha aliligeuza, akazihesabu upya skrubu zote. Kisha Mama Cherehani akasema, "Haya, huyu katushinda. Lakini ni kwa sababu ana miwani ya kukuza."

Saa kumi Makopo akarudi, mikono mitupu, vumbi mpaka magotini. Akafungua lango. Uani hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Alifunika mdomo kwa viganja viwili, na safari hii macho yake ndiyo yaliyoanza kucheka. Kisha akatoa daftari, akaanza kupita beseni kwa beseni: nani alishona, lini, kwa nini. Wanawake walipanga foleni kumwambia.

"Andika kwamba mume wangu alininunulia jipya nikakataa."

"Andika kwamba huu mshono wa chini ni wa mama mkwe, wa juu ni wangu. Watu waone tofauti."

Tulihesabu sabini na tatu. Langu la bluu nililirudisha ndani kimyakimya, nikalifunika gazeti. Kumwambia Mama Cherehani ni jambo moja. Lakini Jumamosi binti yangu angekuja, angesimama mbele yake, angeuliza.

Nilisahau kwamba ukimwambia fundi nguo jambo, umeutangazia mtaa. Ijumaa asubuhi Makopo aliingia chumbani kwangu na simu mkononi. "Mama anataka kuongea nawe."

"Shikamoo, Mama," sauti ya binti yangu ikasema. "Nasikia umelificha beseni kwa ajili yangu."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Niambiwe nini? Siku ile nilikuwepo, Mama! Nilikuwa chini natazama. Nilikuona umelikumbatia, nikajiambia, kumbe mzaliwa wa kwanza ni beseni."

"Mwanangu..."

"Na sukari nilikuwa nimeshaitia mdomoni. Ulilia muda mrefu, nikapata nafasi ya kumeza yote. Siku ile ilikuwa nzuri sana kwangu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Miaka yote hiyo, gazeti na sanduku, na mwenyewe alikuwa anakumbuka sukari. Nikamkabidhi Makopo beseni.

Majirani sita zaidi walileta asubuhi ile ile, na langu likawa la themanini. Fundi baiskeli aliyafunga kwenye mkokoteni, tukamfuata kwa miguu hadi jumba la maonyesho, wanawake kumi na mmoja na Mzee wa Saa, kama msafara wa kwenda kumpokea mgeni.

Vile vyuma vya mchomeleaji vilikuwa vimesimamishwa hatua moja mbele ya ukuta, na nyuma yake kuna taa. Makopo hakupanga kwa rangi kama nilivyopanga mimi. Alipanga kwa nyufa. Ufa wa beseni hili ulipoishia ukingoni, wa beseni la pili ulianzia hapo, na hivyo hivyo, mpaka mshono ukawa kama njia moja ndefu inayopanda na kushuka ukuta mzima, ikipita kwenye nyekundu, kijani, bluu, kijivu. Alikuwa juu ya ngazi, mimi namkabidhi kamba.

"Mke mwenzangu," nikamuuliza, "ukiulizwa maana yake utasema nini?"

Alifunga fundo kwanza. "Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Sasa nafikiri nitawaambia wawaulize wenyewe."

Saa sita kasoro tulifunga la mwisho. Msimamizi akaingia na mafundi wake wawili wamebeba picha za maua. Makopo akawasha taa. Mwanga ukapenya plastiki zile kuukuu, kila moja ikatoa rangi yake kwenye sakafu, na kila tundu la msumari likawa na nukta yake ya mwanga, maelfu, zimefuata uzi. Sikujua kwamba mishono kumi na tisa ya kwangu ilikuwa na mwanga kiasi kile ndani yake.

Msimamizi alivaa miwani. Akaivua. Akawaambia mafundi wake, "Rudisheni maua."

Kelele zilizotoka pale, nadhani jumba hilo halijazoea.

Jumamosi mlango ulifunguliwa saa nane mchana. Wakubwa wenye tai walikuja kweli, lakini hawakupata nafasi ya kusimama, kwa sababu kila mwenye beseni alikuwa amesimama chini ya la kwake. Mtu wa redio alimwekea Mama Cherehani kinasa sauti, akaomba aeleze kwa kifupi. Alieleza harusi ya dada yake tangu posa. Mama wa mapacha aliwaleta mapacha, wakaonyesha walikuwa wanakaa upande gani. Binti yangu alisimama mbele ya la bluu akiwasimulia wageni asiowajua habari za sukari, na kila aliposimulia, aliongeza kijiko kimoja. Mzee wa Saa alisimama kando ya la kwake. Wageni walikuwa wakiinama kutazama skrubu zake, naye alikuwa akiwapa kioo chake cha kukuza, mmoja baada ya mwingine.

Ilikuwa kama saa kumi pale mwanamke mmoja alipoingia, simjui, si wa mtaa wetu. Mikono ina povu limekauka, pindo la gauni limelowa. Kwapani kashika beseni la njano, ufa mbichi kuanzia ukingoni. Alipita katikati ya wenye tai bila kuwatazama, akafika kwa msimamizi.

"Nimeambiwa hapa ndipo mnaposhona mabeseni."

Msimamizi akafungua mdomo. Akamtazama Makopo. Makopo akanitazama mimi.

"Ndipo hapa," nikasema. "Karibu, mwanangu. Kaa."

Nilivua viatu, nikakaa sakafuni chini ya ukuta ule, nikatandika mtandio wangu mzuri. Makopo alikimbilia chumba cha nyuma wanakochemshia chai, akaupasha msumari moto kwenye jiko la gesi, akaja nao mbio ameushika kwa koleo, watu wakimpisha. Mama Cherehani alitoa shazia kwenye mkoba wake. Mtu yule haendi popote bila sindano. Msimamizi wa jumba alipiga magoti mbele yangu na sketi yake ya pasi, akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, miwani ikimning'inia.

"Kaza hapo, usiachie," nikamwambia. "La kwanza tunatoboa hapa mwisho, safari ya ufa iishie hapa."

"Litachukua muda?" yule mwanamke akauliza. "Nguo nimeziacha zimelowekwa."

"Halichukui. Chagua uzi." Mama Cherehani alikuwa ameshanyoosha rangi mbili kwenye kiganja. "Huu wa njano utafanana na beseni, hakuna atakayeuona. Huu mwingine mwekundu."

Yule mwanamke aliinua uso, akautazama ukuta wote, tangu sakafuni hadi juu.

"Mwekundu," akasema.